Fungueni Robota, Mnunuzi Aone

Hotuba kwa wakata majani, wauza hei na wafugaji, Mtama, mkoani Lindi

Assalaam alaykum. Tumsifu Yesu Kristo. Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, wanangu, habari za toka asubuhi?

Ndugu mwenyekiti, umeniita niseme juu ya kulisha farasi, na nimewaona vijana kule nyuma wakitazamana. Farasi, hapa Mtama? Wana haki ya kushangaa. Kusini kwetu farasi hakuzoeleka. Mapori ya Liwale hadi Kilwa yana ndorobo, na farasi aliyeumwa na ndorobo akapata nagana, ugonjwa wanaoueneza nzi hao, hana siku nyingi asipotibiwa. Mimi mwenyewe farasi nilikutana naye ukubwani. Nilikwenda Arusha kutafuta kazi, nikapata usaisi, kazi ya kutunza farasi, nikaufanya miaka 19. Niliporudi nyumbani nilirudi na farasi wawili wa kike, wazee, waliokuwa wamechoka kubeba wageni. Mwajiri wangu alinipa kwa mkono wa kwaheri. Leo ninaye mmoja. Habari ya yule wa pili nitaieleza, maana ndiyo iliyonisimamisha mbele yenu.

Najua wengi hapa mna punda, mbuzi, na ng'ombe wawili watatu wa maziwa. Farasi nimemleta kama shahidi. Ng'ombe ana tumbo kubwa la vyumba vinne, anakula, analala, anacheua, na mengi mabaya yanapita humo asionyeshe. Farasi hacheui. Tumbo lake ni dogo kwa mwili wake, kati ya lita 8 na 15 tu, na hawezi kutapika. Kilichoingia kibaya kitashuka hivyo hivyo mpaka utumbo mpana kikafanye kazi yake huko. Kwa hiyo muuzaji akidanganya kwenye majani, farasi ndiye wa kwanza kulipa. Punda anamfuata. Ng'ombe naye analipa, ila taratibu, kwa maziwa yanayopungua bila mwenyewe kujua sababu.

Yule wa pili alikufa kwa robota la bei poa, robota la hei, yaani majani makavu yaliyoshindiliwa na kufungwa kwa kamba. Ilikuwa Oktoba, nyasi zote zimeungua, mfukoni sina kitu. Kirikuu ikapita na marobota, bei ndogo kuliko ya wote. Nikagusa juu, yako makavu, yana rangi. Nikanunua kumi, sikufungua hata moja. Jioni ile nilikata kamba gizani nikamwekea. Usiku wa manane nikasikia anapiga ukuta kwa kwato. Nilipomulika nilimkuta amelowa jasho, anatazama ubavu wake, analala, anainuka, analala tena. Tulimtembeza mpaka alfajiri, mimi na mwanangu. Mganga wa mifugo alikuwa mbali, akafika saa nne asubuhi, na saa nne ilikuwa kuchelewa. Mchana nilipofungua marobota yaliyobaki, nje majani mazuri, katikati kuvu nyeupe, vumbi linaruka kama unga wa mashineni, na ndani kabisa moto umeshapita, majani yamekuwa ya kahawia kama tumbaku. Yalifungwa mabichi. Aliyeyafunga alijua, ndiyo maana mazuri aliyapanga nje.

Sikuja kumtaja mtu. Aliyeniuzia hayupo hapa. Ila kosa lile lilikuwa na mikono miwili, wa kwake uliofunga na wa kwangu ambao haukufungua.

Sasa niwape habari ya pili. Msimu uliofuata nilishuka bonde la Lukuledi, kwa mama mmoja anayekata majani na wanawe. Nikamwambia nataka marobota 20 ya farasi. Akaniuliza, "Ya farasi au ya ng'ombe, baba?" Nikasema ya farasi. Akasimama akaenda kwenye uchanja wake, akagawa rundo. Upande mmoja akasema, haya yalianikwa jua siku tatu, chukua. Upande wa pili akasema, haya yalinyeshewa usiku mmoja, nikayageuza yakakauka, lakini mimi siyaamini kwa farasi. Kama una ng'ombe chukua kwa bei ya chini, au mtandikie alalie. Kisha akachukua panga, akakata kamba ya robota moja la upande mzuri, akalipasua mbele yangu mpaka katikati. Akasema, "Tia mkono."

Nilitia mkono. Nilinusa. Yalinuka kama chai kavu.

Waislamu wenzangu mnaijua habari ya Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alipopita sokoni akaingiza mkono katika rundo la nafaka, vidole vikakuta unyevu chini. Mwenye mali akasema ni mvua. Akaulizwa kwa nini basi hakuiweka iliyolowa juu, watu waione. Yule mama wa Lukuledi aliiweka juu. Mvua si kosa la mtu. Mvua hata hapa kwetu inaweza kukujia Mei ukiwa umeshaanika. Kosa ni kuipeleka katikati ya robota.

Tangu siku hiyo nanunua kwake, na simwombi apunguze bei hata shilingi mia.

Nije kwenye mizani, na hapa nitakaa kidogo. Watu wa Lindi na Mtwara hatuhitaji kufundishwa maana ya mizani. Tumelia na kangomba miaka mingapi? Mtu anakuja shambani kwako njaa imekubana, anakupimia korosho kwa chombo chake, bila mizani, kwa bei anayotaka yeye. Ndiyo maana tulipoletewa stakabadhi ghalani, ule mfumo wa kupeleka mazao ghalani ukapewa risiti, pamoja na malalamiko yetu yote juu ya malipo kuchelewa, jambo moja lilieleweka kwa kila mkulima: korosho ipande kwenye mizani, uandikiwe kilo. Sasa niambieni, mtu yule yule anayepiga kelele chama cha msingi kwa ajili ya nusu kilo ya korosho, anawezaje kwenda kuuza majani kwa kusema tu "robota"? Robota ni umbo. Kuna robota la kilo 20 na kuna robota la kilo 12, na yote yanasimama barabarani yanafanana.

Tufanye hesabu pamoja, kwa bei ya mfano. Robota moja shilingi 5,000, lina kilo 12. La jirani shilingi 6,500, lina kilo 18. La kwanza kila kilo imekugharimu zaidi ya shilingi 416. La pili kila kilo ni shilingi 361. Mwenye fedha kidogo akikimbilia la 5,000 amejipunja mwenyewe. Farasi wangu anakula kilo 7 kwa siku, yaani kilo 210 kwa mwezi. Kwa marobota ya kilo 20 nahitaji 11. Kwa marobota ya kilo 14, ambayo muuzaji ameyalegeza kamba yakaonekana manene, nahitaji 15. Marobota manne ya ziada kila mwezi, kwa mnyama mmoja!

Mizani ya kuning'iniza haina gharama ya kutisha mkichanga watu watano. Ichukueni iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo, yenye alama yao, ili pasiwe na ubishi. Muuzaji akipima na kuandika kilo kwenye kipande cha boksi, akakichomeka kwenye kamba, amemaliza maneno. Na wewe unayemwagia majani maji asubuhi ili yapande uzito, mwanangu, acha. Kilo tatu za maji ulizouza leo, keshokutwa ni kuvu.

Wakata majani, sasa naongea na ninyi. Wengi mnangoja Agosti, majani yamejikausha yenyewe porini, mnafyeka mnafunga. Kazi ni nyepesi, nakubali. Lakini yale si hei tena, ni mabua. Mbegu zimedondoka, jani limebaki kijiti, na mnyama akilijaza tumboni atashiba huku anakonda. Kata majani yanapoanza kutoa maua, mwishoni mwa masika, Aprili na Mei. Najua mvua inasumbua wakati huo, kwa hiyo kata kidogo kidogo, kiasi ambacho familia yako inaweza kukigeuza. Anika, geuza mchana, kusanya jioni kwa umande, tandaza tena asubuhi. Yakiwa tayari, ukisokota fundo mkononi linavunjika.

Huna uhakika? Chukua chupa kavu ya kioo yenye mfuniko, tia majani uliyoyakatakata, tia kijiko cha chumvi kavu, funga, tikisa dakika mbili. Chumvi ikibaki inatiririka, funga marobota. Ikishikana madonge, majani bado yana maji, yarudishe juani. Na chumvi kwetu pwani haijawahi kuwa shida.

Sanduku la kufungia halihitaji fundi mkubwa. Langu ni la mbao, urefu sentimeta 85, upana 55, kina 45, halina mfuniko wala kitako. Tandika kamba kwanza, jaza, kanyaga, jaza tena, kanyaga, funga. Likishindiliwa sawasawa linatoa kama kilo 20. Tumieni kamba ya katani. Kamba za nailoni zinakatika vipande, vinabaki kwenye majani, vinaingia tumboni havitoki. Nimeshaona ng'ombe aliyepasuliwa buchani akiwa na mpira wa nailoni mkubwa kama dafu.

Halafu kuna jambo ambalo huko Arusha sikulijua, nimelijua hapa. Salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho. Kuanzia mikorosho inapochipua mpaka inapotoa maua, mashamba yetu yanapulizwa salfa, na ule unga unatua chini kwenye nyasi vile vile unavyotua juu kwenye majani ya mkorosho. Chini ya mikorosho nyasi huwa nzuri, kuna kivuli, na mwenye shamba anafurahi ukimfyekea bure. Msiyauze yale. Salfa ikizidi tumboni inamwumiza mnyama, na hutaiona kwa macho ikishachanganyika na vumbi la hei. Kama umefyeka shambani kwa mtu, muulize alipuliza lini na alipuliza nini, maana siku hizi kuna dawa za maji pia na dawa za kuua magugu. Ukiulizwa na mnunuzi "majani haya ya wapi?" uwe na jibu la kweli. Ya barabarani nayo yana waya, chupa na mifuko. Ya bondeni, ya kandokando ya mashamba ya ufuta, ya viwanja vilivyolala, hayo ndiyo ya kuuza kwa kifua mbele.

Wafugaji, zamu yenu. Mnaniambia fedha hamna. Nami sina. Ndiyo maana nimejifunza kwanza kumpima mnyama kabla ya kununua chakula, badala ya kukisia. Kwa farasi unahitaji utepe wa fundi cherehani tu. Zungusha kifuani, nyuma ya miguu ya mbele, pale mkanda wa tandiko unapopita. Pima pia urefu toka ncha ya bega hadi ncha ya tako. Kifua kizidishe kwa kifua, zidisha kwa urefu, kisha gawa kwa 11,880. Wangu kifua ni sentimeta 165, urefu 150, inatoka kilo 344. Asilimia mbili ya hizo ni karibu kilo 7, hicho ndicho chakula chake cha siku, cha majani. Hata fedha ikikauka kabisa simshushi chini ya kilo 5 na robo, kwa sababu utumbo wa farasi hautakiwi kukaa mtupu. Porini angechunga saa 16 kwa siku. Ukimpa mafungu manne madogo ni bora kuliko mlima mmoja wa jioni.

Punda ni mvumilivu zaidi. Punda wa kilo 150 anatosheka na kilo 2 na nusu hivi, na sehemu kubwa inaweza kuwa mabua ya mahindi au ya mpunga, mradi ni makavu na safi. Yeye usimzidishie.

Mahali tunapopoteza fedha nyingi ni chini, miguuni. Nilipima kwangu: katika kilo 7 nilizomwaga sakafuni, kilo 2 zilikanyagwa zikakojolewa. Ni zaidi ya robo ya majani ya siku! Nikaenda ufukweni Lindi, nikaomba kwa wavuvi jarife, wavu wao, lililochoka. Nikaliosha litoke chumvi, nikashona mfuko, matundu nikayabana yabaki ya vidole vitatu, nikautundika. Anachomoa majani kidogo kidogo, anakula saa nyingi, hakuna kinachodondoka cha maana. Tundikeni juu, usawa wa kifua au zaidi, kwa fundo la kufunguka haraka, asije akaingiza kwato. Asiyetaka wavu achonge hori la mbao. Mti upo.

Pumba. Wote tunakimbilia mashineni kwa sababu pumba ni rahisi. Kwa ng'ombe sawa, kwa kipimo. Farasi ukimjaza pumba kila siku, ina fosforasi nyingi na chokaa, yaani kalsiamu, kidogo, mwili wake utakwenda kuchota chokaa kwenye mifupa yake mwenyewe. Uso unavimba, miguu inachechemea. Kama lazima umpe, iwe bakuli moja, na uchanganye chokaa ya mifugo. Mimi badala ya pumba natumia majani makavu ya mbaazi na mashina ya karanga. Huku kwetu baada ya mavuno yanachomwa moto, na ni chakula chenye nguvu kuliko nyasi. Omba, wengi watakupa bure. Kagua tu kuvu, maana mashina ya karanga yakilala chini na unyevu huota haraka. Lusina, mti wa malisho ambao mbuzi wanaupenda, farasi na punda wasizoeshwe. Inawapukutisha manyoya ya shingo na mkia.

Chakula cha kuku kilichobaki bandani usimpe farasi wala punda, hata akulilie vipi. Baadhi ya vyakula vya kuku vina dawa ya kuzuia koksidia, ugonjwa wa kuharisha wa kuku, dawa iitwayo monensini, na kiasi kidogo sana cha dawa hiyo kinasimamisha moyo wa farasi. Wauza vyakula vya mifugo mliopo hapa, nawaomba kwa dhati: ukimuuzia mtu mwenye punda, mwambie. Usingoje aulize. Hata ndoo uliyochanganyia ya kuku isihamie kwa punda.

Maji nayo ni chakula. Farasi anayekula hei kavu anataka lita 20 hadi 40 kwa siku, na akikosa, majani yanakauka tumboni yanakuwa kama kizibo. Chumvi, kijiko kimoja cha mezani kwa siku kwa farasi wa ukubwa wa wangu. Angalieni pia minyoo, na meno. Farasi mzee anayetafuna akatema madonge ya majani, ukimwongezea hei unaongeza takataka tu; mwite mganga amsawazishe meno. Na kila Jumamosi pitisha kiganja ubavuni. Mbavu uzihisi kwa vidole bila kuziona kwa macho. Tumbo kubwa lisikudanganye, hata mwenye njaa ya mabua analo.

Wakati wa kununua ni sasa, Mei, majani yapo na bei imelala. Kiangazi chetu ni miezi sita. Kwa farasi wangu ni kilo 1,260, marobota 63. Siwezi kulipa yote kwa pamoja, hakuna anayeweza hapa. Nimekubaliana na yule mama, nalipa kidogo kidogo, na yeye ananitunzia kwenye uchanja wake, juu ya magogo, chini ya makuti. Fedha yake namfikishia siku tuliyoahidiana, hata kama nyumbani tunalala na uji. Hapo nataka wanunuzi wenzangu tusikilizane. Tunalia wauzaji ni waongo, lakini yule aliyegawa rundo lake kwa haki, akauza ya kunyeshewa kwa hasara, tukimkimbia kwa ajili ya shilingi 500, msimu ujao atafanya nini? Ataficha. Tutakuwa tumemfundisha sisi. Na tukimkopa tusimlipe hadi korosho ziuzwe, tumemlazimisha kufunga majani mabichi ili apate fedha ya haraka. Bei ya haki na malipo ya wakati vinatoka kwetu.

Nimeongea kupita nusu saa, mwenyekiti, nisamehe. Mizani nimekuja nayo, inaning'inia pale kwenye mwembe. Nimeona vijana watatu mmekuja na marobota kwenye guta. Leteni moja hapa mbele, tulipime, kisha wewe mwenyewe uliyelifunga ukate kamba, na wafugaji msogee mtie mikono.